Kamera ni ya Nani? Kuitazama C-SPAN Kuanzia Asubuhi Hadi Usiku

Ukifungua C-SPAN, mtandao wa televisheni wa Marekani unaoonyesha vikao vya Bunge, bila kuijua ratiba yake, huenda ukamkuta mbunge mmoja kasimama kwenye mimbari, anapaza sauti, anapiga meza, na hujui anaongea na nani. Baada ya dakika tano unahamia stesheni nyingine. Ni hasara, kwa sababu kwa anayetaka kuiona serikali ya Marekani ikifanya kazi bila mchambuzi kuingilia kati, sijui mahali pazuri kuliko hapa. Kinachohitajika ni kujiuliza mambo mawili kila unapofungua: kamera hii ni ya nani, na kazi iko kwenye hatua gani sasa hivi?

Historia yake ni fupi. Brian Lamb aliianzisha, na matangazo yakaanza tarehe 19 Machi 1979, siku Baraza la Wawakilishi, moja ya mabaraza mawili ya Bunge la Marekani (jingine ni Seneti), lilipoanza kuonekana kwenye televisheni. Al Gore, wakati huo mbunge wa Tennessee, ndiye aliyezungumza kwanza. Seneti ilisitasita hadi 2 Juni 1986, ndipo C-SPAN2 ikazaliwa, na C-SPAN3 ikafuata mwaka 2001. Haina matangazo ya biashara wala haipokei fedha za serikali. Kampuni za kebo na dishi huilipa senti chache kwa mwezi kwa kila mteja, na kwa kuwa Wamarekani wengi wameachana na kebo, mapato hayo yamekuwa yakipungua mwaka hadi mwaka.

Sasa kamera. Watu wengi, hata waandishi wa habari, hudhani kwamba C-SPAN ina wapiga picha wake ndani ya ukumbi wa Bunge. Haina. Kamera za ukumbi wa Baraza la Wawakilishi ni mali ya Baraza lenyewe, waendeshaji wake ni waajiriwa wa Baraza, na kanuni zake ziko chini ya Spika. Za Seneti nazo ni za Seneti. C-SPAN hupokea picha zilizokwisha kuchaguliwa na kuzirusha kama zilivyo. Kwa kawaida kamera humwangalia msemaji, meza ya Spika, au ukumbi kwa mbali wakati wa kura. Mbunge anayesinzia, wawili wanaogombana pembeni, au viti mia nne visivyo na mtu, kwa kawaida huvioni.

Tarehe 10 Mei 1984 ndipo umma ulipotambua uzito wa jambo hili. Wabunge wa Republican, akiwemo Newt Gingrich, walikuwa wakitumia muda wa jioni kuwashambulia wapinzani wao kwa hotuba kali, wakinyamaza kidogo baada ya kila shutuma kana kwamba wanangoja jibu. Mtazamaji wa nyumbani alidhani wapinzani wamekosa la kusema. Spika Tip O'Neill akaamuru kamera zizungushwe ukumbi mzima huku Robert Walker wa Pennsylvania akihutubia, na nchi ikaona kwamba hapakuwa na mtu. Ugomvi ulikuwa mkubwa, lakini hadi leo ukiona hotuba ya jioni yenye kichwa Special Orders, elewa kwamba mbunge anaongea na kamera. Si mjadala, hakuna kura, na hakuna anayemjibu.

Mara chache kamera hutoka mikononi mwa Bunge. Siku ya ufunguzi wa Bunge jipya na wakati wa hotuba ya Rais ya kila mwaka, C-SPAN huruhusiwa kuingiza kamera zake. Ndiyo maana Januari 2023, Kevin McCarthy alipohitaji duru 15 kupata uspika, tuliona mambo ambayo hayaonekani siku za kawaida: mahasimu wa kisiasa wakinong'onezana kwenye viti vya nyuma, na Mike Rogers wa Alabama akivutwa nyuma alipomsogelea kwa hasira Matt Gaetz, mmoja wa waliokuwa wakimpinga McCarthy. Spika hakuwa amepatikana na kanuni hazikuwa zimepitishwa, kwa hiyo hakukuwa na wa kuwaambia wapiga picha wageuze lenzi. Kinyume chake kilitokea 22 Juni 2016. Wabunge wa Democratic wakiongozwa na John Lewis waliketi sakafuni kudai kura kuhusu silaha, kikao kikasimamishwa, na kamera rasmi zikazimwa. C-SPAN ikachukua picha zilizorushwa na simu za wabunge wenyewe, zikitikisika na sauti ikikatika, ikazitangaza. Siku hiyo tofauti kati ya C-SPAN na kamera ya Bunge ilikuwa wazi kabisa.

Twende na siku yenyewe. Siku hufunguka na Washington Journal, kipindi cha saa tatu kinachoanza saa 1:00 asubuhi ya Washington. Kwa aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hiyo ni saa 8:00 mchana kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, na saa 9:00 alasiri kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba, maana Wamarekani hurudisha saa nyuma na sisi hatubadilishi. Wapiga simu hugawanywa kwa namba: ya Republican, ya Democratic, na ya wasio na chama. Kanuni ni simu moja kwa kila mtu ndani ya siku 30. Kosa linalojirudia kila asubuhi ni la mpiga simu kuacha televisheni yake ikivuma. Matangazo huchelewa sekunde kadhaa, hivyo anasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia, anachanganyikiwa, ananyamaza, na mtangazaji anamwomba apunguze sauti. Ukitaka kupiga ukiwa huko Marekani, zima sauti kabisa na usikilize kupitia simu.

Baraza la Wawakilishi kwa siku nyingi za katikati ya wiki huanza saa 4:00 asubuhi kwa hotuba fupi za asubuhi, halafu kazi ya kutunga sheria huanza saa 6:00 mchana: sala, kumbukumbu za kikao kilichopita, kiapo cha utii kwa bendera, kisha hotuba za dakika moja moja. Aliyezoea Dodoma ajiandae kwa jambo moja. Hakuna maswali kwa mawaziri. Mawaziri wa Marekani si wabunge na hawakai ukumbini, jambo ambalo Mkenya analifahamu tangu katiba ya 2010. Anayetaka kumwona waziri akibanwa aende kwenye kamati.

Hapa ukumbini ndipo makosa ya kuripoti huzaliwa, na nitakaa hapa kidogo. Mjadala unakwisha, kiongozi wa kikao anauliza wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kisha anatangaza kwamba walioafiki wameshinda. Mtazamaji anaandika: muswada umepita. Sekunde mbili baadaye mbunge anasimama kudai kura ya kuhesabiwa, na kiongozi anajibu kwamba suala hilo limeahirishwa. Hakuna kilichopita. Kura yenyewe itapigwa jioni, pamoja na nyingine kadhaa. Subiri neno hilo la kuahirishwa kabla hujaandika chochote.

La pili ni kura ya masharti ya mjadala, ambayo wao huiita rule. Kabla muswada mzito haujajadiliwa, Baraza hupiga kura kukubali muda wa mjadala na marekebisho yatakayoruhusiwa. Kura hiyo ikipita, muswada bado uko palepale. La tatu: miswada isiyo na ubishi hupelekwa kwa kusimamisha kanuni, mjadala wa dakika 40, na lazima ipate theluthi mbili ya waliopiga kura. Unaweza kuona ndiyo 260 na hapana 170, na muswada ukaanguka. Soma kichwa kilicho chini ya skrini, kama kimeandikwa Suspension, piga hesabu ya theluthi mbili.

Wakati wa kura, skrini hugeuka kuwa jedwali. Kushoto vyama, juu safu nne: YEA ni ndiyo, NAY ni hapana, PRES ni aliyehudhuria bila kuchukua upande, NV ni ambaye hajapiga. Pembeni kuna saa inayohesabu kurudi nyuma kutoka dakika 15, au tano kwa kura zinazofuatana. Tazama safu ya NV kuliko safu nyingine yoyote: ikiwa NV ya chama chenye wingi ni 12 na tofauti ya kura ni nne, matokeo bado hayajulikani. Saa ikifika sifuri usiondoke. Kura haifungwi hadi kiongozi wa kikao aitangaze, na viongozi hutumia mwanya huo kushawishi. Alfajiri ya 22 Novemba 2003, kura ya muswada wa dawa za Medicare, bima ya afya ya wazee, iliachwa wazi kwa muda wa karibu saa tatu hadi matokeo yakageuka. Katika kura ya dakika 15, mbunge anayetaka kubadili kura dakika tano za mwisho hawezi tena kutumia kadi yake ya kielektroniki. Hushuka mbele na kujaza karatasi: kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana, ya rangi ya chungwa kwa kuhudhuria. Ukiona msongamano pale mbele saa ikiwa sifuri, kuna anayegeuka.

Seneti, kwenye C-SPAN2, ni dunia nyingine. Karani anaita jina, ananyamaza, baada ya muda anaita lingine, na hakuna anayeitika. Huo ni wito wa akidi, lakini mara nyingi hakuna anayetafuta akidi. Ni namna ya kusimamisha saa huku viongozi wakijadiliana faragha. Seneta akifika na hoja, huomba wito ufutwe kwa ridhaa ya wote, na kazi inaendelea. Palipo na wito mrefu kuliko kawaida, pana mapatano yanayopikwa au yaliyoungua.

Jambo la kukariri ni 60. Ili kufunga mjadala wa muswada zinahitajika kura 60 kati ya 100, na baada ya hapo bado kunaweza kuwa na saa 30 kabla ya kura ya mwisho, ambayo hupita kwa wingi wa kawaida. Kwa hiyo muswada mmoja unaweza kupigiwa kura nne ndani ya wiki, na kila mara kuna gazeti linaloandika kwamba Seneti imeupitisha. Seneti haina kura za kielektroniki. Maseneta huitwa majina, na anayechelewa husogea mezani na kuashiria kwa mkono. Usiku wa 28 Julai 2017, saa saba na ushee, John McCain alinyoosha mkono mbele ya meza, akakaa hivyo kidogo, kisha akashusha kidole gumba. Ilikuwa hapana, na muswada wa kuondoa sehemu za sheria ya bima ya afya ukaanguka kwa kura 49 dhidi ya 51. Picha ni ya mbali, sauti ni mguno tu wa ukumbi, lakini yote yamo.

Kamati mara nyingi huanza saa 4:00 asubuhi, yaani saa 11:00 au 12:00 jioni kwetu. Kila mbunge ana dakika tano, na taa ndogo mezani hugeuka kijani, njano, nyekundu. Zipo kamati nyingi kwa siku moja na C-SPAN haiwezi kuonyesha zote, kwa hiyo kikao kinachohusu Afrika kinaweza kukosekana kabisa kwenye stesheni zake tatu. Tafuta kwenye tovuti ya kamati yenyewe. Na chagua kamati sahihi: AGOA, sheria ya Marekani kuhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru, ni suala la biashara, hivyo liko kwa kamati ya Ways and Means ya Baraza na ya Fedha ya Seneti, wala si kwa kamati za mambo ya nje. Balozi mteule wa Marekani nchini Tanzania au Kenya husailiwa na kamati ya mambo ya nje ya Seneti, mara nyingi akiwa ameketi pamoja na wateule wa nchi nyingine, na swali linalotuhusu linaweza kuwa moja tu katika saa mbili. Mashahidi huwasilisha maelezo yao kwa maandishi kabla ya kikao. Mtafsiri ayapakue hayo kwanza, maana anachosoma shahidi kwa dakika tano ni muhtasari.

Usiku ni marudio ya vikao vya mchana, na ratiba hubadilika bila taarifa ndefu kwa sababu Baraza likirudi kazini, kipindi chochote hukatwa. Mahakama ya Juu haina kamera. Tangu Mei 2020 sauti ya hoja hutangazwa moja kwa moja, na C-SPAN huweka picha ya mnato ya jaji au wakili anayezungumza, msaada mkubwa kwa asiyezitambua sauti zao.

Kilichokupita, kitafute kwenye maktaba ya video ya C-SPAN, ambayo ina rekodi kuanzia 1987 na ni bure kwa sehemu kubwa. Tafuta kwa jina la mtu kisha punguza kwa tarehe, utaletewa hadi dakika aliyozungumza. Ukinukuu, nukuu video. Kumbukumbu rasmi iliyochapishwa, Congressional Record, huruhusu mbunge kusahihisha na kuongeza maneno baada ya kikao, na hotuba ambayo haikutamkwa kabisa inaweza kuchapishwa humo. Picha za ukumbini hazina hakimiliki, unaweza kuzitumia. Picha za kamati zilizopigwa na C-SPAN yenyewe ni mali yake, hivyo itaje jina na usiziuze.