Nilivyojifunza kuusoma mnara wa Kirumi usiobakiza hata nguzo moja

Mtu akisikia habari za mnara wa Kirumi hutarajia kuona mawe yaliyopangwa vizuri, lakini minara ya mpaka wa Gask, safu ya minara na ngome za Warumi katika eneo la Perthshire nchini Uskoti, ilijengwa kwa mbao, na juu ya ardhi haikuacha kitu isipokuwa, pale ambapo jembe halikupita, kituta cha mviringo kilichoota nyasi. Nilijiunga kwa kujitolea na kikundi kilichokuwa na kibali cha kuchimba sehemu ya mnara mmoja pamoja na kipande cha barabara iliyopita mbele yake. Nilipangiwa eneo la katikati, mahali ambapo nguzo zilitarajiwa kuwapo.

Mpaka huu ulijengwa kati ya miaka ya 70 na 80 ya karne ya kwanza, miongo kadhaa kabla ya Ukuta wa Hadrian, mpaka mwingine wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, ulioanza kujengwa mwaka 122. Ulifuata barabara iliyounganisha ngome za Ardoch, Strageath na Bertha, hii ya mwisho ikiwa kando ya mto Tay. Ramani ya mnara mmoja inakaribia kufanana na ya mwingine: nguzo nne kwenye mraba wenye upande wa mita 3 hivi, mtaro wa mviringo kuuzunguka, na upenyo mmoja wa kuingilia unaoelekea barabarani. Kwa hiyo tulijua pa kutafuta. Kilichobaki ni kujua tunachokitazama, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Vitu vya kuokota katika minara hii ni haba mno. Askari wachache waliolinda zamu hawakuacha vigae wala sarafu za kutosha, na anayekuja akiota hazina atakata tamaa mapema. Mimi nilishikilia rangi ya udongo. Baada ya kukwangua kwa mwiko hadi kuufikia udongo wa asili, ambao hapo ni mwekundu wenye changarawe, nililazimika kuunyunyizia maji kila mara, kwa kuwa ukikauka rangi zote hufifia na kuwa moja. Ukiwa na unyevu, na jua likiwa limefunikwa na mawingu (jambo ambalo Uskoti haina uchoyo nalo), doa la kahawia la shimo la nguzo lilijitokeza, laini kuliko udongo wa pembeni hata kwa kuligusa kwa kidole.

Shimo kama hilo halifukuliwi lote kwa mara moja. Nilichimba nusu yake, nikaiacha nusu ya pili isimame wima mithili ya ukuta, kisha nikauchora ukuta huo kwa vipimo. Nguzo iliyooza mahali pake huacha mhimili mweusi wa udongo laini, huku mawe yaliyoikaza yakibaki yamejipanga kuuzunguka. Hapa hapakuwa na mhimili. Mawe yalikuwa yameporomoka hadi chini, udongo ulikuwa umechanganyika, na mdomo wa shimo ulikuwa umepanuka upande mmoja. Nguzo ilitikiswa huku na huko, kisha ikang'olewa. Dalili za aina hiyo zimeonekana kwenye minara mingine ya safu hii, na zinalingana na yaliyotokea Inchtuthil, ngome kubwa ya jeshi iliyoachwa mnamo mwaka 86 au 87, ambako Warumi waliposhusha majengo yao walifukia misumari inayokaribia milioni moja ili isiangukie mikononi mwa adui. Kwa maoni yangu, kuondoka huko kulikuwa kwa mpango, si kwa kukimbia.

Barabara haikunichosha sana. Mkato wake ulionyesha tuta lenye mgongo, mawe makubwa chini na changarawe iliyoshindiliwa juu. Kando ya njia kulikuwa na mashimo ambayo changarawe hiyo ilichimbwa. Ugumu ulikuwa kuihusisha na mnara, kwa sababu tabaka za viwili hivyo hazikugusana popote ndani ya eneo letu. Upenyo wa mtaro kuelekea barabarani unadokeza kwamba njia, au angalau mstari wake, ulikuwapo mnara ulipojengwa. Lakini tabaka la changarawe tulilouona ingeweza kuwekwa baadaye juu ya njia hiyohiyo.

Tulichukua vipande vya mkaa, ingawa nilikwisha kuelezwa nisivitegemee kwa swali kubwa la mpaka huu: je, uliwekwa na Agricola, gavana wa Kirumi wa Britania anayesifiwa na mkwewe, mwanahistoria Tacitus, au na mtangulizi wake wa mapema katika miaka ya 70? Kipimo cha kaboni, kinachokadiria umri wa mkaa, huja na ukingo wa makosa wa miongo kadhaa, ilhali magavana hao wanatenganishwa na chini ya miaka 10. Sarafu na vyungu vya mezani kutoka kwenye ngome za jirani ndivyo vinavyoweza kukaribia jibu.