Bodi mpya, prosesa mpya, boksi lilelile

Jumapili usiku, Kimara

Naandika haya huku kompyuta inatoa video ya sendofu ya juzi, yaani inaiunga iwe faili moja lililokamilika, na haigandi. Asiyefanya kazi ya kuhariri video anaweza asione uzito wa jambo hilo. Mimi nauona. Miaka yote hii nikishaanza kutoa video, kompyuta haikuwa yangu tena hadi alfajiri. Hata kufungua barua pepe ilikuwa shughuli. Leo nimeandika, nimesikiliza muziki, na kazi inaendelea kule nyuma.

Nimebadilisha madabodi (bodi kuu inayounganisha vyote), prosesa (ubongo wa kompyuta) na ramu (kumbukumbu yake ya muda), kwa mikono yangu. Kabla ya hapo sikuwahi kufungua boksi la kompyuta kwa kazi yoyote zaidi ya kupuliza vumbi.

Kilichonisukuma ni mambo mawili. La kwanza ni kazi yenyewe: kamera za sasa zinarekodi 4K, picha kali yenye faili kubwa, na maharusi wanataka video yao mapema. La pili ni Windows. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida, na prosesa yangu, Intel i5 ya kizazi cha tatu iliyotoka 2012, haimo kabisa kwenye orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Orodha ya Intel, ukiacha chache, inaanzia kizazi cha nane, tena wanataka na TPM 2.0, kifaa cha usalama cha kutunza funguo za siri. Sikutaka kuendelea kupokea faili za wateja na flashi za kila mtu kwenye mashine isiyopata ulinzi mpya.

Nikapanda mwendokasi hadi Gerezani, nikaingia Kariakoo. Dukani kwa kwanza nikaambiwa ninunue laptopu, mambo yaishe. Kwa pili nikamkuta fundi kijana, mtaratibu, aliyeniuliza kwanza kazi ninayofanya. Nikamwambia nataka prosesa ya nguvu zaidi.

"Dada yangu, bodi yako imefika mwisho," akasema. "Soketi hiyo ya 1155, pale prosesa inapokaa, inapokea kizazi cha pili na cha tatu tu. Huna pa kupanda."

Kisha akanionyesha kwa kuweka vitu mezani. Prosesa ikibadilika kwenda ya kisasa, bodi nayo inabadilika. Bodi ikibadilika, ramu zangu za DDR3, aina ya zamani, haziingii tena. Akachukua DDR3 na DDR4, akazilaza pamoja: pengo lililokatwa kati ya meno liko mahali tofauti, hata ukilazimisha haikai. Hapo nikaelewa kwa nini vitu hivi vitatu vinanunuliwa kwa pamoja. Akaniuliza pia kama kompyuta yangu ni ya kampuni au ya kuunga kwa vipande. Ya kuunga. Akasema afadhali, kwa sababu kompyuta nyingi za maofisini zinazokuja mtumba zina bodi za umbo lake na plagi za umeme za kwake, na bodi ya kawaida haikai humo.

Tukachagua soketi ya AM4, ya prosesa za AMD, mshindani wa Intel, inayotumia DDR4. Ile mpya ya AM5 inataka DDR5, na bajeti ilikataa. Prosesa ni Ryzen 5 5600G, ya 2021, viini sita. Ile herufi ya mwisho ndiyo niliyoitaka: 5600 isiyo na G haina uwezo wa kutoa picha yenyewe, lazima uwe na kadi ya grafiki, nami sina. Nilimsisitizia jambo moja kabla ya kulipa, kwamba biosi ya bodi, programu inayoiamsha kompyuta, iwe imeshasasishwa, maana bodi za AM4 zilizotoka kiwandani mapema haziitambui prosesa iliyokuja baadaye. Akaiwasha palepale dukani nikaona.

Nyumbani nikasafisha meza ya chakula, mdogo wangu akashika tochi ya simu. Pawa saplai tukaichomoa ukutani, nami kila baada ya muda nikagusa chuma kitupu cha boksi ili umeme tuli wa mwilini usiishie kwenye bodi.

Prosesa ndiyo iliyonikausha koo. Chini yake kuna pini 1,331, nyembamba kuliko sindano. Pembe moja ina pembetatu ndogo ya dhahabu, na soketi ina alama kama hiyo. Unainua wenzo, unalinganisha pembetatu na pembetatu, unaiachia. Haisukumwi. Ikikaa sawa inazama yenyewe kwa uzito wake, halafu unashusha wenzo. Nilivyoiona imezama nilivuta pumzi ya maana. Nikaweka pesti ya joto, inayopitisha joto la prosesa kwenda kwenye kipoozeo chake, kiasi cha punje ya dengu, kisha feni. Kwa joto la Januari la Dar hakuna haja ya kubahatisha hapo.

Kabla ya kulaza bodi ndani ya boksi, dada anayeijua kazi hii aliniambia kwa simu nihesabu viguzo vya shaba vinavyoinyanyua bodi isiguse bati. Kimoja kilikuwa mahali pasipo na tundu kwenye bodi mpya. Kingeachwa, kingeweza kupiga shoti mgongoni. Tukakihamisha. Ramu mbili za GB 8 nikazipanga tundu la pili na la nne, kama kitabu cha bodi kinavyosema, zifanye kazi kwa jozi. Kwa prosesa inayokopa ramu kwa ajili ya picha, hilo lina faida kubwa.

Nikawasha. Skrini ikabaki nyeusi kwa muda, feni inazunguka, mdogo wangu ananitazama. Bodi ilikuwa inazipima ramu. Kisha biosi ikatokea. Humo nikaona ramu zinakwenda kwa kasi ya 2400 wakati pakiti imeandikwa 3200. Kumbe mpaka uwashe XMP, mpangilio unaoziachia ramu ziende kwa kasi iliyoandikwa. Nikaiwasha.

Windows ikataka leseni upya, kwa kuwa huihesabu bodi kuwa ndiyo kompyuta yenyewe. Hilo halikuchukua muda.

Ninachojisikia ni ukaribu na chombo changu cha kazi. Kimelipa ada za watoto wa dada yangu, kimelipa kodi ya nyumba hii, na nilikuwa nikikiogopa. Sasa kikigoma najua pa kuanzia kugusa. Natamani wengi wetu tunaokula kwa kompyuta tungefungua hizi nyumba zake tukiwa na mtu wa kutuelekeza, badala ya kungoja ife ndipo tuingie madeni ya laptopu mpya.

Bodi ya zamani na i5 yake na DDR3 bado ni nzima. Mdogo wangu yuko kidato cha nne na ameanza kujifunza kuandika programu. Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, itatembea vizuri kabisa juu yake. Kilichopungua ni boksi na pawa saplai. Mwisho wa mwezi tunashuka naye Kariakoo, na safari hii bisibisi atashika yeye.