Mwongozo wa rufaa ukiwa PDF, daktari wa familia hausomi

Kuna kitu kinanikera sana kwenye hizi kazi za tovuti za afya, leo acha nikiandike. Mabingwa wa hospitali kubwa wanakaa vikao hadi wanachoka, wanaandika mwongozo wa rufaa mzuri tu, nani aletwe haraka, nani afanyiwe kwanza vipimo gani, nani abaki hukohuko kwa daktari wake wa familia, halafu kazi yote ile inageuzwa PDF ya kurasa kibao, inatupiwa kwenye tovuti sehemu ya machapisho, imeili inatumwa kwa watu wote, basi imeisha hiyo. Baada ya muda utawasikia mabingwa walewale wanalalamika eti madaktari wa familia wanaleta wagonjwa hovyo hovyo, barua ya rufaa ina mstari mmoja, "anaumwa mgongo naomba umwone". Sasa jamani, huyo daktari angeusoma saa ngapi?

Ana mgonjwa mbele yake, wengine wako nje kwenye benchi, ana dakika 10 hivi na pengine hata hazifiki. Hapo hawezi kupakua faili, aanze kushusha kurasa na kidole akitafuta sura ya mifupa. Atafanya alivyozoea. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Na hili si wivu wangu kwa PDF. Kuna mapitio ya tafiti ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya) ya mwaka 2005 yaliyoangalia njia za kuboresha rufaa za kwenda kwa mabingwa, wakakuta kusambaza mwongozo peke yake hakusaidii, ila mwongozo uliokuja pamoja na fomu ya rufaa iliyopangwa vizuri ulisaidia, na pia pale mabingwa wenyewe waliposhiriki kuwaelimisha madaktari wa familia. Yaani tumejua hilo miaka yote hii na bado tunapandisha PDF!

Mfano ninaoupenda ni wa Canterbury kule New Zealand, walianza mwaka 2008 na kitu kinaitwa HealthPathways. Daktari wa familia na bingwa wanakaa meza moja wanakubaliana ugonjwa huu tunauendeaje hapa kwetu, makubaliano yanakuwa ukurasa mmoja wa wavuti, na kila ukurasa una mpangilio uleule, kwa hiyo daktari akishazoea mmoja kazoea yote. Baadaye mikoa mingine na hata Australia na Uingereza wakauchukua mtindo huo, lakini kila eneo linajaza mambo yake, maana ugonjwa unaweza kuwa uleule ila kliniki, vipimo vinavyopatikana na mlango wa kupitia ni tofauti. Nadhani siri iko kwenye ile meza kuliko kwenye tovuti.

Chukua huohuo mgongo. Ukurasa mzuri wa maumivu ya mgongo juu kabisa, kabla ya utangulizi wowote, unakuambia: mgonjwa ana ganzi kuzunguka njia ya haja kubwa na sehemu za siri, mkojo umegoma kutoka au unatoka bila yeye kujua, miguu yote miwili inalegea, huyo anapelekwa hospitali leo hiihii, na hapohapo kuna namba ya daktari wa zamu ya kubonyeza ukapiga. Chini yake ndo zinakuja zile dalili za kuulizia saratani au maambukizi, kupungua uzito bila sababu, homa, kama aliwahi kuugua saratani. Halafu wale wengine wote, ambao ndo wengi, maumivu ya kawaida yasiyo na dalili ya hatari, ukurasa unasema wazi kwamba kupiga picha ya mgongo haraka haraka hakuhitajiki, dawa gani ujaribu, mazoezi, na ikishindikana ndo umpeleke wapi. Mwisho kitufe cha rufaa, fomu inafunguka na maswali yaleyale. Daktari haondoki kwenye ukurasa.

Ila fomu nazo zina ujinga wake. Ukiweka visanduku vingi vya lazima, daktari ataweka nukta kila kimoja ili apite, na bingwa atapokea barua ya nukta. Uliza tu kile ambacho kweli kinabadilisha uamuzi.

Alafu rufaa isiwe njia ya kwenda tu. Hospitali ya San Francisco General kule Marekani walianza mwaka 2005 na kliniki ya magonjwa ya tumbo na ini, kila ombi la rufaa linasomwa na bingwa kwenye mfumo na anaweza kujibu palepale, fanya kipimo hiki kwanza, au huyu endelea naye wewe kwa dawa hii, au mlete upesi. Hapo mwongozo unageuka maongezi, na daktari anajifunza kupitia mgonjwa wake mwenyewe, ambaye hamsahau.

Kingine ni tarehe. Uingereza mwongozo wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, wa rufaa za saratani ulitoka mwaka 2015, mwaka 2023 sehemu ya utumbo mpana ikabadilika, wengi wenye dalili wanapimwa kwanza FIT, kile kipimo cha damu isiyoonekana kwenye kinyesi, na majibu yakifika mikrogramu 10 za hemoglobini kwa gramu ya kinyesi ndo wanapelekwa haraka. Sasa fikiria aliyeprinti PDF ya zamani akaibandika ukutani. Kwenye wavuti unabadilisha sehemu moja na kila mtu anaona kipya, ila basi ukurasa uonyeshe lini umepitiwa mara ya mwisho na idara gani inaumiliki, na bajeti ya kuupitia iwepo, sio ya uzinduzi tu na fulana.

Upande wa ufundi wala hakuna maajabu: kurasa nyepesi, zinazokaa kwenye simu hata mtandao ukikatika (namba ya zamu hasa!), na jina la mgonjwa lisiingie kabisa kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwenye kutafuta ndo watu wanafeli zaidi, kwa sababu bingwa anaita ugonjwa kwa jina lake refu la kitabuni wakati daktari anaandika dalili, "kizunguzungu", "uvimbe shingo", tena kwa herufi zilizokosewa. Ndo maana mimi nikipewa tovuti ya namna hii kitu cha kwanza naomba ni orodha ya maneno yaliyotafutwa yakakosa majibu, maana pale unaona kabisa madaktari wanakwama wapi, na kikao kijacho cha mabingwa kianzie kwenye orodha hiyo.