Siku ya Kiyama si ya kutishia watoto

Mawaidha na mahubiri mengi ya mtaani huisimulia Siku ya Hukumu kwa upande mmoja tu: moto, minyororo, kilio na kusaga meno. Si uongo, maana Biblia na Kurani zote zimeyataja hayo. Lakini wapo watu ambao kwao habari ya hukumu ni faraja: mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, kibarua aliyezungushwa ujira wake hadi akachoka kudai. Hao wakiambiwa kesi yao haijafungwa, wanapata usingizi. Wa kukosa usingizi ni mwingine.

Zaburi ya 96 inamalizika kwa shangwe. Mbingu zinafurahi, bahari inavuma, miti ya msituni inaimba, na sababu yenyewe ni kwamba Bwana anakuja kuihukumu nchi. Zaburi ya 98 inaongeza mito inayopiga makofi. Katika Kurani, sura ya Al-An'am, aya ya 12 inayatamka mawili kwa pamoja: Mwenyezi Mungu amejilazimisha rehema, na hakika atawakusanya watu Siku ya Kiyama. Al-Fatiha nayo inamtaja Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu, na papo hapo Mwenye kumiliki Siku ya Malipo. Anayesali sala tano hupita hapo mara 17 kwa siku, kwa rakaa za faradhi peke yake, na wengi hupita mbio.

Rehema iliyomo ndani ya hukumu inaonekana vizuri kwenye hesabu. Katika hadithi (maneno ya Mtume Muhammad yaliyosimuliwa) ya Ibn Abbas, sahaba wake, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakubwa wa hadithi, aliyenuia jema asiweze kulitenda huandikiwa jema moja kamili; akilitenda, huandikiwa kuanzia 10 hadi 700 na zaidi. Aliyenuia ovu kisha akaliacha kwa ajili ya Mungu huandikiwa jema. Akilitenda, ni ovu moja, basi. Hakuna mhasibu wa duniani atakayepitisha daftari la namna hiyo. Hadithi nyingine inasema rehema ina sehemu 100. Moja imeteremshwa duniani, na kwa hiyo moja farasi jike huinua kwato asimkanyage mwanawe. Sehemu 99 zimewekwa kwa ajili ya Siku ya Kiyama, siku ile ile tunayotishiwa nayo.

Hapa ndipo watu huteleza. Mtu akishasikia hesabu hiyo huona mambo yamekwisha, atasali na kufunga, mengine Mungu ni mwema. Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba muflisi ni nani, wakasema ni asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja na sala, funga na zaka, ilhali huyu alimtukana, yule alimsingizia, huyu alikula mali yake, yule alimpiga. Watagawiwa mema yake mmoja mmoja; yakiisha kabla ya madeni kwisha, atabebeshwa madhambi yao. Ukimwangalia muflisi, hadithi hii inatisha. Waangalie waliopanga foleni kumdai, uone kama wao wanaogopa.

Ndiyo maana Imam Nawawi, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1277, aliandika kwamba toba ya kosa lililo kati ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuliacha, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Likigusa haki ya mtu, sharti la nne linaingia: umrudishie haki yake au umwombe radhi. Zakayo, mtoza ushuru wa Luka 19, hakungoja kufundishwa sharti hilo. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafuata njia hiyo hiyo: ondoleo la kitubio linafuta dhambi, lakini kilichoibwa kirudishwe na aliyesingiziwa asafishiwe jina.

Pa kutazamwa kwa karibu zaidi ni Mathayo 25. Mfalme anayehukumu mataifa, akiwaweka wengine kulia na wengine kushoto, anataja mambo sita: njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa na kifungo. Wa mkono wa kushoto hawashtakiwi kwa walilotenda, wanashtakiwa kwa walilopuuza. Katika Sahihi Muslim iko hadithi ya kudsi, yaani Mtume akisimulia maneno ya Mungu mwenyewe, inayofanana nayo sana: "Ewe mwanadamu, niliugua hukuja kunitazama," kisha chakula, kisha maji. Mja anashangaa, vipi amtazame Mola wa walimwengu wote? Anajibiwa kwamba mja fulani aliugua, na lau angemtembelea angemkuta Mungu kwake. Tofauti ya imani haijafichika: kwa Mkristo, anayekaa kwenye kiti cha hukumu ni Yesu, aliyewahi kuhukumiwa na Pilato, na tumaini lake limesimama hapo. Mwislamu hasemi hivyo. Ila maswali ya mtihani yanakaribiana mno kiasi kwamba mabishano mengine ya mihadhara naona ni kupoteza muda.

Kwa anayetaka kuanza leo, deni la fedha lina njia rahisi. Mwenyewe akiwa amefariki, wapewe warithi wake. Asipojulikana alipo hata baada ya kutafutwa, wanazuoni wengi wanasema itolewe sadaka kwa niaba yake, na siku akitokea apewe hiari ya kuikubali sadaka hiyo au kulipwa chake. Usingoje ndugu zako wasimame mbele ya jeneza kuuliza nani anamdai marehemu. Kusengenya ndiko kugumu. Wanazuoni wengi wanataka umwendee uliyemsengenya umwombe radhi. Ibn Taymiyya, mwanazuoni mwingine wa zamani, aliona kwamba kama hajasikia, kumwambia kunamwongezea maumivu, hivyo umwombee dua na umseme kwa wema katika vikao vile vile ulivyomchafulia jina.