Nilivyofungua skilli zote za fimbo ya uponyaji kwenye The Elder Scrolls Online

Wakuu, mi Templar wangu (klasi ya karakta yenye skilli za kuponya pia) nilimfikisha levo 50 akiwa na panga la mikono miwili tu, fimbo sijawahi hata kuigusa. Sasa washkaji nnaocheza nao wakachoka, kila tukitaka kuingia pango, yaani vita vya timu, tunakaa foleni kusubiri mganga, yule anayeponya wenzake, siku moja wakanigeukia wote, we si Templar, kaa uponyaji. Nikasema haya, si fimbo tu, natafuta moja navaa tunaenda. Kumbe ningejua.

Kwa asiyejua, hili gemu lina mistari sita ya silaha, panga la mikono miwili, upanga na ngao, silaha mbili mkononi, upinde, fimbo ya uharibifu na fimbo ya uponyaji, na kila mmoja unapanda kivyake kutoka 1 mpaka 50. Karakta wako kuwa levo 50 hakusaidii kitu, ukishika silaha mpya unaanza na skilli moja, zingine zinafunguka kidogokidogo mstari ukipanda, na ile kubwa kabisa, ya ultimeti, inakungoja kule 50.

Basi nikaanza kazi kichwakichwa. Nimevaa fimbo, nimeweka Grand Healing, ndo skilli pekee niliyokuwa nayo, zile nafasi nne zilizobaki nikajaza skilli za klasi kwa sababu ndo nimezizoea, afu nikaenda porini kupiga mbwa mwitu kwa fimbo nikiamini nikiitumia sana itapanda. Jioni mbili nzima! Mstari unachechemea tu. Na mbaya zaidi nikishazidiwa kwenye vita narudi kwenye panga langu, namaliza vita nikiwa na panga, narudisha misheni kwa aliyenipa nikiwa na panga, nashangaa kwa nini fimbo haisogei.

Jamaa mmoja wa gildi (kikundi chetu cha wachezaji) ndo akanifungua macho, akaniuliza swali moja tu, XP (pointi za uzoefu) ikiingia unakuwa kwenye baa ipi? (Baa ya skilli jamani, ile safu ya skilli unazotumia vitani, si ile nyingine.) Hapo ndo nikaelewa. Gemu haiangalii ulibonyeza nini, inaangalia wakati XP inaingia ile baa iliyo wazi ina skilli gani, na kila skilli iliyokaa pale inavuta XP kwa ajili ya mstari wake. Hata usipoibonyeza kabisa, ikikaa tu inakula. Kwa hiyo mi na Grand Healing yangu moja katikati ya skilli nne za klasi, fimbo ilikuwa inaambulia kijisehemu tu, kingi kinaenda kwenye mistari ambayo tayari ilishajaa!

Nikapanga upya. Kwa kuwa ukifika levo 15 unapata baa ya pili, ya mbele nikaiacha na panga kwa ajili ya kupigana, ya nyuma nikaifanya ya fimbo na nikatoa kila kisicho cha fimbo. Kila skilli mpya ikifunguka naiweka hapohapo, iwe ina maana iwe haina, Regeneration, Blessing of Protection, Steadfast Ward, mpaka Force Siphon ambayo kusema kweli sikuipenda. Zinavyoongezeka ndo mwendo unavyoongezeka, mwanzo ndo unachosha, usikate tamaa pale. Pointi za skilli zitakutoka, ndio, lakini shadi tatu za angani (vipande vya kuokota) zinakupa pointi moja na zimejaa kila ramani, na baadaye unaweza kurudishiwa pointi zako, levo ya mstari haiondoki.

Misheni ndo zilinibeba sana. Daftari linabeba misheni 25, kwa hiyo nilikuwa namaliza kazi lakini sirudishi, nazilimbikiza, zikifika kama nane hivi nakunywa Psijic Ambrosia, kile kinywaji cha kuongeza XP kwa asilimia 50 kwa dakika 30, nabadili baa, naanza kuzunguka kwa wenyewe mmoja mmoja. Kuangalia baa kabla ya kuongea na mtu imekuwa kama ugonjwa, mpaka leo naangalia. Vifaa vyenye sifa ya mafunzo navyo nilivaa ila hivyo vinasaidia XP ya kuua tu, kwenye kurudisha misheni havina kazi.

Siku nisizo na akili ya kusoma misheni naenda jangwa la Alik'r kwenye dolmeni, zile sehemu maadui wanashuka kwa makundi. Ziko tatu, watu wanazunguka kundi zima na farasi kutoka moja kwenda nyingine, wanaua wao, wewe unamwaga uponyaji kwenye halaiki na baa ya fimbo iko wazi muda wote. Inachosha akili ila inapanda. Usisimame tu kama mlingoti, shiriki.

Afu kuna lile pango la kila siku ambalo gemu inakupangia kwa bahati nasibu, la kwanza kwa siku lina bonasi nene, na ukijiandikisha kama mganga foleni haikai. Sasa mi kwa tamaa nilijiandikisha mapema, fimbo bado changa, tumefika kwa bosi wa pili timu nzima chini, mmoja akaandika tu "mganga yupo?" Nilijibu nipo. Aisee. Toka siku hiyo nikawa naingia na washkaji tu mpaka nilipopata Combat Prayer, ambayo unaipata kwa kuikuza Blessing of Protection mpaka daraja la IV afu unaibadilisha, na hiyo nayo inakua kwa utaratibu uleule wa kukaa kwenye baa.

Mstari ulivyogonga 50 Panacea, ile ultimeti, ikafunguka, Force Siphon nikaitoa siku hiyohiyo. Sasa hivi uponyaji uko vizuri, hakuna anayelalamika, ila juzi mshkaji wetu aliyekuwa anakaa tanki (yule wa mbele anayepokea mapigo) kasema anapumzika gemu, wote kimya wananitegea mimi. Nimeshaweka upanga na ngao baa ya nyuma, skilli moja, misheni sita daftarini hazijarudishwa.