Konekta ya antena, kumbukumbu ya tano: kilima kilikuwa nyuma ya shanga

Imekubali. Jana saa nne usiku, mezani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, NanoVNA (kipimo changu kidogo cha kebo na antena) imenionyesha SWR ya 1.07 kwenye megahezi 1090. SWR ni namba ya wimbi linalorudishwa: 1 ni kamili, ikipanda ni mbaya. Nimefungua nati na kuifunga tena mara sita, na mara zote sita namba imerudi palepale. Wiki tano nzima ganda hilohilo la konekta, kwenye kebo ileile, lilikuwa linanipa 1.42 hivi na halisogei la maana. Nilizima taa ya mezani nikatoka uani kupunga upepo wa ziwa, maana kichwa kilikuwa kimechoka kwa furaha.

Kwa aliyezikosa kumbukumbu za nyuma: naunda konekta yangu mwenyewe ya kebo nene ya RG-213, kwa ajili ya antena ya juu ya paa inayopokea, kwenye megahezi 1090, ishara za redio za ndege zinazopita juu ya Ziwa Tanganyika. Napokea tu, situmi. Nilianza baada ya kuagiza konekta za aina ya N mara mbili na mara zote mbili kuletewa bandia. Pini inacheza kama jino bovu, na ile plastiki nyeupe ya ndani iliyouzwa kwa jina la tefloni iliyeyuka pasi ya risasi ilipoigusa tu. Tefloni haifanyi hivyo. Hela ilikwenda, na kusubiri basi kutoka Dar kukawa kwa bure.

Vipimo ni vilevile vya kumbukumbu ya pili. Tundu la ganda ni milimita 7, pini 3.04, katikati hewa, omu 50. Pini inaposhikwa na shanga ya tefloni, yaani kile kipande cha duara kinachoiweka katikati ya ganda, inakonda hadi 2.09, kwa kuwa tefloni inashusha impidensi na pini nyembamba inairudisha juu. Nati ni M16 yenye hatua ya milimita 1. Aliyeniuliza kama nati hiyo inaingia kwenye N ya kawaida: haiingii. N ni inchi 5/8 yenye meno 24 kwa inchi, yaani hatua ya 1.058. Inazunguka raundi mbili vizuri, ya tatu inakaza, ya nne inaharibu meno. Nimeharibu moja ili nijue, wewe usiharibu ya kwako.

Sasa tuje kwenye ile 1.42.

Nilikuwa na uhakika kwamba ubaya uko kwenye shanga. Kila andiko la konekta linakuonya kuhusu ngazi ya pini, pale inapotoka 3.04 kwenda 2.09: umeme unajikusanya kwenye kona ya ngazi na kuzaa kapasita ndogo isiyotakiwa, na dawa yake ni kuurefusha ule wembamba kidogo upite uso wa shanga. Nikaingia humo kwa miguu yote miwili. Nilichongesha pini tisa. Pini ya 2.09, ya 2.00, ya 2.20. Shanga ya milimita 4, ya 3, ya 5. Wembamba uliopita shanga kwa robo milimita kila upande, kisha kwa nusu.

Mzee anayenikerezea kule Ujiji alishanizoea. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku mkono uko tayari kupokea.

"Umerudi na sindano zako, mwanangu?"

"Nimerudi mzee. Leo tupunguze sehemu tisa za mia tu."

Anavaa miwani, anaishika pini kwa kidole gumba na cha shahada, anaigeuza kwenye mwanga wa mlango, kisha anaipima kwa maikromita yake ya zamani iliyofutika namba nusu. Hajawahi kunikosea. Mashine yake ni ya zamani kuliko mimi, lakini ukimwambia 2.09 anakupa 2.09. Shaba yenyewe, ile ya njano, tunaitoa kwenye vijiti vya valvu kubwa za maji kwa wauza chuma chakavu. Na hapa niseme jambo la vifaa, kwa sababu naona watu wanalia kwamba biti imekwama kwenye shaba na kuvunjika: usitoboe shaba ya njano kwa biti iliyonolewa kwa ajili ya chuma. Makali yake yanajizamisha, yanavuta kazi, yanang'ang'ania. Yapitishe kidogo kwenye jiwe la kunolea mpaka mdomo wa biti uwe bapa. Itakwangua badala ya kuchimba, na tundu litatoka safi kama kioo. Mzee alinionyesha hilo siku ya kwanza na tangu hapo sijavunja biti.

Pini tisa, na namba ilitembea kati ya 1.39 na 1.45. Basi. Niliondoa konekta, nikaunga kebo tupu kwenye kipimo, kebo ikawa nzima. Nikakalibresha upya kwa vipimio vyangu vya M16: kimoja wazi, kimoja kilichofungwa kwa shaba, na kimoja chenye rezista mbili za omu 100 ubavu kwa ubavu, zile ndogo zenye maandishi 101 nilizozing'oa kwenye ruta iliyokufa. Vipimio vilikuwa sawa. Kulikuwa na usiku nilifunika kila kitu kwa kitambaa na kulala bila kula, kwa hasira.

Kilichonifungua macho ni hesabu ya dakika tano. Nilijiuliza: nisingeikondesha pini kabisa, ikapita kwenye tefloni na unene wake wote wa 3.04, ingekuwaje? Impidensi ndani ya shanga ingeshuka hadi omu 34 na nusu hivi. Sauti ya kutisha. Lakini shanga ina milimita 4 tu, na wimbi la megahezi 1090 lina urefu wa milimita 275. Piga hesabu yote na unapata SWR ya 1.1. Hiyo ndiyo shanga mbaya kupita zote ambayo ningeweza kutengeneza, na bado haifiki hata theluthi ya tatizo langu. Shanga haikuwa na hatia. Nilikuwa namtesa Mzee na sehemu za mia za milimita mahali ambapo hata milimita nzima isingeleta maafa.

Basi ni wapi? NanoVNA ina ile sehemu ya kuonyesha umbali wa hitilafu, lakini yangu inaishia gigahezi 1.5, na kwa upana huo haitenganishi vitu viwili vilivyo karibu kuliko sentimita 10 hewani. Konekta yangu nzima ina milimita 45. Ndani yake kuna mdomo, shanga, ngazi, na mahali kebo inapoingia, na vyote hivyo vilionekana kwenye skrini kama kilima kimoja kinene kilicholala.

Jibu nililipata kwa fundi friji, nikiwa nimepeleka friji ya nyumbani. Alikuwa anakunjua bomba la shaba la inchi 3/8, nikaliangalia, nikauliza unene. Milimita 9.52. Nikatoa venia yangu ya kupimia kwenye begi. Ukiliweka ndani ya bomba la aluminiamu lenye kipenyo cha ndani cha milimita 22, uwiano ni 2.31, na hiyo ni omu 50.2. Laini ya koaksia ya kutosha mkono! Nikamwuliza bomba lake la robo inchi: 6.35. Ndani ya shanga ya plastiki ile ya vibao vya kukatia nyama, inatoa omu 49. Mungu akupe nini tena. Nilimwachia friji, nikaondoka na vipande viwili vya bomba.

Mawimbi hayajui ukubwa, yanajua uwiano. Ukikuza konekta mara 3.14, kutoka milimita 7 hadi 22, basi kinachotokea kwenye konekta halisi kwa megahezi 1090 kinatokea kwenye mfano mkubwa kwa megahezi 347. Na zile milimita 45 zinakuwa 141. Mbele na nyuma ya konekta sasa viko mbali vya kutosha kwa kipimo changu kuvitenganisha.

Bomba la aluminiamu, nje 25, unene 1.5, nilipata kwa fundi wa madirisha. Shanga nilizikata kwenye kibao kipya cha sokoni. Mwisho wa laini niliweka rezista nne za omu 200 zilizokaa msalaba kutoka katikati kwenda ukutani. Mwanzoni niliacha mita nzima ya bomba tupu, makusudi, ili kilima cha mahali pa kuchomekea SMA (ile konekta ndogo ya NanoVNA) kikae mbali na kisinichanganye. (Na SMA za NanoVNA zenyewe usizichoshe. Funga adapta moja, iache humohumo, na kila siku fungua na kufunga kwenye adapta. Adapta ni ya kutupa, kipimo si cha kutupa.)

Nikaweka shanga peke yake. Kilima kidogo cha kutafuta kwa miwani. Nikaisogeza mbele na nyuma kwa fimbo, na kilima kikatembea nayo, kidogo vilevile.

Kisha nikafuata mchoro wangu nijenge upande wa nyuma, mahali kebo inapoingia, na hapo ndipo nilipouangalia mchoro kwa mara ya kwanza kama mtu mwingine. Gamba jeusi la RG-213 lina milimita 10.3, kwa hiyo nilimwandikia Mzee atoboe 11 kutoka nyuma. Sikuweka mstari wa kusimama. Akatoboa 11 mpaka kwenye shanga, kama mchoro ulivyosema. Kwa hiyo kati ya mwisho wa msuko wa kebo na shanga kulikuwa na chumba cha milimita 10, kipana cha milimita 11, na ndani yake waya mwembamba wa 2.25 ukining'inia peke yake hewani. Hiyo si omu 50. Ni omu 95.

Chumba hicho kwa ukubwa wa mfano ni karibu milimita 35. Kopo la aluminiamu la manukato ya kupuliza lina kipenyo hichohicho. Nililimaliza gesi yote nje ya nyumba, nikalikata milimita 31, nikalipachika nyuma ya shanga na kupitisha bomba la robo inchi katikati. Kwenye skrini kikanyanyuka kilima kama mlima wa Kongo unaouona ng'ambo ya ziwa asubuhi mvua ikikatika. SWR kwa megahezi 347: 1.4. Nikaviringisha karatasi ya aluminiamu kwenye ukuta wa ndani wa kopo, nikaibana ijaze chumba hadi libaki tundu la milimita 14.6, ambalo kwa bomba la 6.35 ni omu 50. Kilima kikalala.

Ile jana asubuhi niliwahi Ujiji. Mzee alichonga pete ya shaba: nje 11, ndani 7.3, urefu 10. Inaingia kwa kusukumwa. Plastiki ya ndani ya kebo, 7.25, inapita ndani ya pete mpaka inagusa shanga, na msuko unafunguka kama ua na kubanwa kwenye uso wa nyuma wa pete. Hakuna chumba tena. Pini niliyotumia ni ile ya kwanza kabisa, ya 2.09.

Najua mtakachoniuliza. SWR ya 1.42 inarudisha asilimia 3 tu ya nguvu, wakati mita 15 za RG-213 kwenye masafa haya zinakula karibu desibeli 4. Ni kweli, na idadi ya ndege kwenye ramani haikubadilika: bado naziona za upande wa Kalemie, na zinazokwenda Bujumbura, kama juzi. Lakini konekta hii nataka niitumie pia kwenye WiFi ya gigahezi 2.4, na kipimo changu hakifiki huko. Mfano mkubwa unafika: megahezi 2437 ni 776 kwenye bomba, na kopo lilipokuwepo hapo SWR ilikaribia 2. Hilo nisingelijua kwa njia nyingine yoyote niliyo nayo Kigoma.

Hatua iliyofuata kwenye mpango ilikuwa kuzuia maji: mpira wa nyuma, grisi, tepu, kisha kuiacha paani masika nzima. Nimeiweka kando kwanza. Bomba bado liko mezani, mita moja na ushee, na tangu jana usiku sioni konekta ndani yake, naona laini ya kupimia. Ukilipasua mwanya mwembamba kwa urefu, ukapitisha sindano yenye dayodi kwenye kigari kidogo juu yake, unasoma wimbi lililosimama kwa mkono wako, kilele na bonde, kwa rula. Kwa WiFi kila bonde litakuwa sentimita 6 kutoka jingine. Ndivyo walivyopima kabla ya vipimo vyenye skrini, na bomba hili linakwenda hadi gigahezi 6 kabla halijaanza kuvuruga.

Shida ni kuupasua mwanya unyooke mita nzima bila bomba kujikunja. Fundi wa madirisha ana msumeno wa mezani wenye kiongozi. Amesema nije Jumamosi kabla wateja hawajaja, na nije na kipande cha ziada cha kujaribia. Mstari nimeshauchora kwa kalamu ya wino.