Ubao wa mgeni na ubao wa mafungu: nilivyoipata relei Paje

Kwa misimu miwili Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, nilikuwa na ubao mmoja tu wa kaiti, ule wa kusimamia huku tiara kubwa inakuvuta majini, sentimita 140 kwa 42, nilioachiwa na mgeni ambaye begi lake lilikuwa limeshajaa. Ubao wa friraidi hasa, yaani wa kuteleza kwa starehe: mpana, bapa, unanyumbuka. Mimi nina kilo 74. Nikiwa na kaiti ya mita za mraba 12, kusi ikifika noti 15, yaani kama kilomita 28 kwa saa, ulikuwa unapanda juu ya maji bila kubembelezwa. Nabisha mpaka Jambiani, narudi na upepo mgongoni, magoti salama.

Kilichonishinda ni mruko unaoitwa relei. Kuruka kwa kupandisha kaiti utosini nilikuwa najua. Ile inakunyanyua yenyewe, kazi yako ni kuning'inia. Kwenye relei kaiti inabaki chini, ubao ndio unaokurusha, mwili unanyooka nyuma kama bendera kisha unajikunja kutua. Nilihangaika nayo msimu mzima. Kila nikijaribu naserereka demani, upande upepo unakoelekea, nayapiga maji kwa kifua, kisha naanza kutafuta ubao.

Jamaa mmoja aliyekuwa anauza vifaa vyake msimu ulipoisha akaniambia kosa si langu, ni la ubao. Akanionyesha wake: 137 kwa 41, wenye kaboni, mgumu kama mlango. "Huu unaruka wenyewe, kaka." Nikamlipa kwa mafungu matatu.

Usiku ule nikaziweka mbao zote mbili barazani, nikafungua mapezi kwa bisibisi, nikazilaza sakafuni na kupima kwa rula toka chini hadi kwenye ncha. Wa zamani, sentimita 4 kasoro. Mpya, 5 na ushei. Kisha nikaweka ncha za kila mmoja juu ya matofali, nikabonyeza katikati kwa goti. Ule wa mgeni ukabonyea kama godoro. Mpya ukakataa kabisa. Mapezi yake nayo yalikuwa mafupi zaidi, sentimita 4, wakati yale ya zamani ni 5.

Sentimita moja ya mpindo utaona si kitu, lakini majini ni kitu kikubwa. Ubao uliopinda unasukuma maji mbele yake, kwa hiyo unataka upepo zaidi kabla haujaanza kuteleza. Faida yake unaipata wakati wa kuruka na kutua: ule mpindo unakuwa kama ngazi ya kuondokea, na ukirudi chini ncha haichomi maji. Ugumu nao unahifadhi nguvu unayoikandamiza kwa visigino na kuirudisha yote kwa mpigo, ilhali ubao laini unaimeza nusu. Ila ubao huohuo laini ndio unaomeza na viwimbi, na hilo nililijua asubuhi yake. Noti 15 zilezile, kaiti ileile ya 12, nikawa nazama. Upepo ulipoongezeka nikaelekea Jambiani. Sijafika hata nusu, magoti yananiuma kama nimeshuka kwenye daladala la barabara mbovu.

Na relei? Niliendelea kuanguka vilevile, sasa kwa gharama.

Nilikuwa naangukia karibu na vijiti vya mwani. Jioni moja nikakutana pwani na mama mwenye mwani huo, kiroba kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, kamba zangu zile si mkeka wa mazoezi."

Nikaomba radhi, nikahamia mbele, upande wa Bwejuu, na nikawa naingia maji yakiwa yamejaa vizuri. Hilo peke yake lilinisaidia, maana ukianguka pasipo na kina unaogopa, na ukiogopa hujirushi.

Kilichonifungua macho ni video ya simu aliyonichukua rafiki yangu. Kumbe kaiti yangu ilikuwa utosini kila mara, na mikono yangu inavuta baa, kile kipini cha kuongozea kaiti, kama anayeteka maji kisimani. Hapa nicheke kidogo: walimu wa kigeni hufundisha mahali pa kaiti kwa uso wa saa, na miezi yangu ya mwanzo nikiambiwa kumi na moja nilikuwa naiwaza ya kwetu, mshale ukiwa kwenye 5. Kaiti ikifika huko imeshazama. Wao wanamaanisha namba 11 yenyewe, au 1 ukienda upande wa pili. Nikaiacha hapo, haisogei.

Nikapunguza mwendo. Naulegeza ubao kidogo kuelekea demani, kisha naubana ghafla kwa visigino kwenda joshi, upande upepo unakotoka, mpaka nyuzi zikaze, halafu mguu wa nyuma unapiga teke. Siku ya nne nikasikia maji yamenyamaza chini yangu. Nikatua vibaya, lakini nilikuwa nimeruka.

Wiki mbili baadaye nikarudi kwenye ubao wa mgeni kwa ubishi tu. Relei ikatoka! Fupi, na kutua ni kofi la maji usoni, lakini ilitoka. Kwa hiyo yule jamaa aliniuzia nusu ya ukweli. Nusu yake ya kweli niliiona nilipoanza kujifunza kupitisha baa nyuma ya mgongo nikiwa hewani, ndoano ya kiunoni imefunguliwa: pale unahitaji kila sentimita ya kimo, na ubao laini haukupi.

Zote mbili ninazo mpaka leo. Upepo ukipita noti 20 na maji yakijaa, naingia na ule mgumu na kaiti ya mita 9, na katika majaribio kumi baa naishika mara mbili. Siku nyingine zote ni ule wa mgeni. Mkanda wake wa mguu wa kushoto ulikatika mwezi uliopita. Fundi viatu ameushona kwa uzi wa matairi, na akaniuliza ni kiatu cha aina gani hiki kisicho na kisigino.